Laibrari ikishindwa kupima isituandikie sifuri

Karibu kila developa niliyewahi kukaa naye hapa Tanga anaijua sheria hii hata kama hajawahi kuisoma popote: laibrari ya kupima perfomansi (kodi iliyoandikwa tayari unayoiweka ndani ya programu ipime CPU, memori na mengineyo) haitakiwi kuiangusha programu inayoipima. Sheria nzuri, wala sibishani nayo. Shida yangu ni jinsi inavyotumika, kwamba hitilafu yoyote ikitokea ndani ya laibrari basi imezwe kimya kimya, irudishwe 0 badala ya kipimo, maisha yaendelee. Na wale wachache wanaosema hapana, laibrari ikishindwa iseme imeshindwa, wanaonekana watu wa nongwa tu, wanaotaka simu zilie usiku kucha kwa mambo madogo. Mimi naona hawa hawajasikilizwa. Ila tuanze na wenzao maana nao wana hoja nzito.

Jamaa yangu mmoja anatunza mfumo wa ushirika wa wafugaji. Vituo vya kukusanyia maziwa viko Pongwe, Muheza, mpaka Mkinga huko, asubuhi makarani wanaingiza lita kwa simu na mfugaji anapata SMS yake hapo hapo. Hoja yake fupi: "Kaka, mfugaji hana habari na CPU yangu iko asilimia ngapi, yeye anataka lita zake zionekane. Sasa programu ife saa kumi na mbili na nusu watu wamepanga foleni na madumu, eti kisa laibrari imekosa kusoma joto la prosesa?" Huwezi kumjibu kirahisi. Hitilafu za namna hiyo ni za kila siku. Ukihamishia mfumo kwenye seva ya kukodi mara nyingi sensa za joto huzioni kabisa. Ukiomba orodha ya prosesi, yaani programu zinazokimbia, kwenye Linux, hadi unafika kusoma ya mia mbili ile ya mia na tisini ishakufa, ndiyo maana psutil, laibrari ya lugha ya Python ya kusoma hali ya mashine, ina hitilafu yake maalumu inaitwa NoSuchProcess, na nyingine AccessDenied ya pale unapochungulia prosesi isiyo yako. Kama kila moja ya hizo ingeangusha programu, hakuna mfumo ungemaliza siku.

Wakubwa wa fani nao wako upande huo. StatsD, programu ya kukusanya vipimo iliyotoka kampuni ya Etsy mwaka 2011, hutuma vipimo kwa UDP, yaani inatupa pakiti na kuondoka, ikifika sawa, isipofika sawa, programu yako haisubiri jibu la mtu. OpenTelemetry, mradi wa kanuni za pamoja za kupima programu, uliozaliwa 2019 baada ya miradi ya OpenTracing na OpenCensus kuunganishwa, imeandika kabisa kwenye kanuni zake kwamba laibrari isirushe hitilafu isiyoshikwa (isiyo na kodi ya kuidhibiti) wakati programu inakimbia.

Na kuna mfano ambao hawa jamaa wangeutumia zaidi wangekuwa wanashinda kila mjadala. Juni 4, 1996, roketi ya Ariane 5 kwenye safari yake ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, ilisambaratika sekunde kama 40 tu baada ya kuwaka. Programu ya kifaa cha kupima mwelekeo ilijaribu kuingiza namba ya desimali ya biti 64 kwenye nafasi ya namba nzima ya biti 16, haikuenea, hitilafu ikatokea, hakuna wa kuishika, kifaa kikajizima. Cha akiba nacho kilishazima kwa sababu ile ile. Kinachouma ni kwamba hesabu yenyewe haikuwa na kazi tena roketi ikishaondoka, ilibaki inazunguka kwa sababu tu Ariane 4 ilikuwa hivyo. Kodi ambayo hata haihitajiki imeua safari nzima. Unaona sasa hofu ya jamaa yangu inatoka wapi.

Lakini ripoti ya uchunguzi haikuishia hapo, na sehemu hii watu huwa wanairuka. Kile kifaa kilipokuwa kinajizima kilituma taarifa ya hitilafu yake kwenye waya ule ule unaopita vipimo, na kompyuta kuu ikaisoma kama kipimo halali cha mwelekeo, ikapindisha nozeli (midomo ya injini) mpaka mwisho kurekebisha kosa ambalo halikuwepo. Kwa hiyo kulikuwa na makosa mawili. Moja, kifaa kilikufa. La pili, kilipokufa hakikuwa na njia ya kusema "sina kipimo" ambayo msomaji hawezi kuichanganya na kipimo. Na hili la pili ndilo tunalolifanya sisi kila siku tunapoandika kwenye kodi, ikishindikana rudisha 0.

Kwa sababu 0 nayo ni kipimo. CPU asilimia 0 maana yake seva imelala. Foleni 0 maana yake hakuna anayesubiri. Anayeangalia dashibodi (skrini yenye grafu za vipimo) hana namna ya kujua kama hiyo 0 imesomwa au imetungwa. Karani wa maziwa kule kituoni anajua hili bila kusoma kompyuta: mizani ikigoma, hamwandikii mfugaji lita 0 kwenye daftari, anapiga mstari na pembeni anaandika mizani mbovu, maana anajua mwisho wa mwezi ile 0 italeta ugomvi na ule mstari hautaleta.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana watu wanadhani 0 moja moja haina madhara. Tuseme unapima CPU kila sekunde kumi na alati yako inaangalia wastani wa dakika moja, ukipita 80 ikupigie. Vipimo sita. Mashine imebanwa kweli kweli, kila kipimo ni 90. Kimoja kikishindikana kikaandikwa 0, jumla ni 450, ukigawa kwa sita unapata 75, alati haikulii. Kama kile kilichoshindikana kingeachwa wazi ungegawa kwa tano na ungepata 90, na simu ingelia. Vikishindikana vitatu unapata 45, grafu inaonyesha seva inapumua. Yaani jinsi unavyoshindwa kupima ndivyo mfumo unavyoonekana mzima.

Na kibaya zaidi, kushindwa kupima hakuji kiholela, mara nyingi kunakuja na mzigo wenyewe. Kwenye Linux kila faili na kila soketi (njia ya mawasiliano ya mtandao) unayofungua inahesabiwa, na limiti ya kawaida kwa prosesi moja ni 1024. Programu ikiwa na bagi (kosa la kodi) ya kutofunga koneksheni, hiyo hesabu inapanda taratibu mpaka inagonga dari. Sasa CPU inasomwaje? Kwa kufungua faili la /proc/stat. Memori? /proc/meminfo. Hayo nayo ni mafaili, na hayafunguki tena kama programu imeshajaza limiti yake! Kwa hiyo dakika ile ile makarani wa Muheza wanaona simu zinazunguka tu bila kupokea jibu, laibrari iliyoko ndani ya programu inashindwa kufungua faili, inameza hitilafu, inaandika 0, na dashibodi kwenye ofisi ya Ngamiani inaonyesha asubuhi tulivu kuliko zote za mwezi. Jamaa anaangalia grafu anasema tatizo ni mtandao wa simu huko Muheza. Anapoteza saa nzima kutafuta mahali ambapo hapana kitu.

Kwenye kaunta, zile namba zinazopanda tu kama jumla ya maombi yaliyopokelewa, 0 ya kutunga inafanya kituko cha upande mwingine. Prometheus, programu ya kukusanya na kuhifadhi vipimo, ikiona kaunta imeshuka inadhani programu imewashwa upya na imeanza kuhesabu kutoka 0, ndivyo ilivyoundwa na ni sahihi. Sasa kaunta yako iko 8,000,000, kipimo kimoja kimeshindikana ikaandikwa 0, kinachofuata kimesoma 8,000,100. Ukweli ni kwamba yameongezeka maombi 100. Prometheus inahesabu 8,000,100. Grafu inaruka mpaka darini na wewe unaanza kutafuta nani anashambulia seva yako ya maziwa.

Hata psutil ambayo naisifia ina kasoro hii. Ukiita cpu_percent kwa mara ya kwanza bila kuipa muda wa kusubiri inakurudishia 0.0, na maelezo yake yenyewe yanakwambia hiyo namba haina maana, ipuuze. Sababu inaeleweka, asilimia ya CPU ni tofauti kati ya vipimo viwili na mara ya kwanza una kimoja tu. Lakini kama haina maana kwa nini mnipe? Windows kwenye tatizo hilo hilo inakurudishia alama ya hitilafu inayosema data si halali, mpaka ukusanye kipimo cha pili. Ndiyo, inaudhi kuiandikia kodi. Ila haikudanganyi.

Mfano mkubwa kuliko yote wa kimya ni ule wa Agosti 14, 2003. Kwenye chumba cha kuongozea gridi cha kampuni ya FirstEnergy huko Ohio, Marekani, programu ya alamu iliganda saa nane na dakika 14 mchana na haikumwambia mtu kuwa imeganda. Waendeshaji wamekaa, alamu hailii, wakajua kuko shwari. Wenzao wa nje walipiga simu kuwaambia kuna laini zina matatizo na wakawatilia shaka, kwani mitambo yao wenyewe haikuwa imesema chochote. Saa kumi na dakika kama kumi jioni gridi ikaporomoka, watu wapatao milioni 50 Marekani na Kanada wakakosa umeme. Laini zilikatika kwa sababu zake, miti na mengineyo, lakini karibu saa mbili za kuweza kufanya kitu zilipotea kwa sababu kifaa cha kutazama kilikufa na kufa kwake kukafanana na amani.

Kwa hiyo dawa ni kurudisha "haijulikani"? Hapa ndipo upande wangu nao huwa unajisahau. Ukirudisha None (alama ya Python ya kwamba hakuna thamani), kodi inayofuata ikijaribu kuizidisha kwa 100 inaanguka, na tumerudi kule kule kwa jamaa na foleni ya madumu, tofauti tu ni kwamba sasa lawama ni ya aliyeita laibrari. Ukirudisha NaN (alama ya "si namba") programu haianguki, lakini NaN ukiuliza kama imepita 80 jibu ni siyo, siku zote, kwa hiyo alati haitalia milele na hapo umetengeneza kimya kingine kibaya zaidi cha kitaalamu. "Haijulikani" inafaa tu kama kuna mtu upande wa pili anayeiuliza. RRDtool, programu ya Tobias Oetiker ya kuhifadhi vipimo na kuchora grafu, inalijua hili tangu 1999, unaiwekea muda wa kungoja, data isipofika ndani ya muda huo inaandika haijulikani na grafu inabaki na pengo, na unaweza kuamua pengo likiwa kubwa kiasi gani wastani usihesabiwe kabisa. Prometheus ikienda kuvuta vipimo ikakosa inaandika kipimo chake yenyewe kinachoitwa up kikiwa 0, hapo sasa 0 ni ya kweli, na ina kipengele kinachoitwa absent cha kukulilia pale kipimo kinapotoweka.

Lingine la kukubali ni kwamba kelele nazo zinaua. Kama kila NoSuchProcess itaandika mstari kwenye logi (daftari la matukio ya programu), utapata maelfu kwa saa na baada ya wiki hakuna anayesoma. Kwa hiyo hitilafu ya kawaida ihesabiwe tu kimya, namba moja ndani ya memori, isiyohitaji kufungua faili lolote, halafu hiyo namba yenyewe iwe kipimo. Node exporter, programu inayosomea Prometheus vipimo vya mashine, inafanya hivyo kwa kila kikusanyaji chake, inakwambia hiki kimefanikiwa, hiki kimeshindwa, na hakuna aliyeanguka.

Tena ile kanuni ya OpenTelemetry ambayo jamaa huwa ananitolea ina nusu ya pili hajawahi kuninukulia: laibrari ikizuia hitilafu isimfikie mtumiaji inapaswa kuiandika kwenye logi. Na inaruhusu programu igome kuwaka kabisa kama mipangilio ni mibovu. Hili la mwisho nalipenda sana. Kugoma saa nne usiku unapoweka toleo jipya, wewe upo, laptopu iko mbele yako, hakuna mfugaji kwenye foleni, hasara yake ni nini? Laibrari ya Prometheus ya lugha ya Go imekaa hivyo kwenye kusajili vipimo, Register inakurudishia hitilafu uamue mwenyewe, MustRegister inaangusha programu hapo hapo. Ila hao hao ukiongeza namba hasi kwenye kaunta inaanguka hata katikati ya siku, na hapo nasimama na jamaa yangu, hiyo wamezidisha.

Kwa anayechagua laibrari wiki hii, usisome sifa zake kwanza. Andika kodi fupi, mistari kumi inatosha, inayofungua mafaili bila kufunga mpaka limiti iishe, halafu hapo hapo iite laibrari ikupe CPU na memori. Ikirusha hitilafu, sawa, utaizungushia kodi ya kuishika. Ikikupa haijulikani na kaunta yake ya kushindwa imepanda, chukua. Ikikupa 0, tafuta nyingine, hata kama ina nyota elfu ngapi huko GitHub.