Siku Niliyotembea na Pweza Marseille

Marseille hupotei. Kanisa la Notre-Dame de la Garde limekaa juu ya kilima, na juu ya mnara wake sanamu ya dhahabu ya Bikira Maria, mita 11 na ushei, inakuona popote ulipo. Ndiyo maana binamu yangu, aliyeolewa huko na Mngazija, alinipa ufunguo akaniambia, "Kaka, mie naenda kazini. Shuka Vieux-Port uzurure utakavyo, tutaonana jioni." Ramani sina, mpango sina, Kifaransa changu kinaishia bonjour. Nikavaa raba zangu nyeupe, nikatoka.

Vieux-Port ndiyo bandari kongwe, Wagiriki walitia nanga pale mnamo mwaka 600 kabla ya Kristo. Siku hizi meli kubwa zimehamia kwingine, zimebaki boti za starehe na wavuvi wanaouza samaki asubuhi palepale gatini. Harufu ni ileile ya soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, ila hapa hakuna anayekuvuta mkono akikuita bosi. Hatua chache kutoka kwenye meza za samaki kuna paa lisilo na kuta, lilijengwa 2013, na upande wake wa chini ni kioo kitupu. Ukiinua uso unajiona unaning'inia kichwa chini miguu juu, kama popo aliyevaa shati la kitenge.

Sasa hapo utaacha kujitazama? Nikawa natembea shingo nyuma, najipungia mkono, naweka sawa kola, mpaka mguu wa kulia ulipozama kwenye kitu cha baridi. Beseni. Mwenye samaki alikuwa amelitua chini kidogo tu. Na ndani ya beseni mwenyeji yumo.

Pweza hana papara. Mkono wa kwanza ulishika kamba za raba. Wa pili ukapanda kwenye soksi. Wa tatu ukaingia ndani ya suruali, na hapo ndipo nilipomwita mama yangu, aliyeko Tanga. Pweza kwetu tunamjua, unampigapiga mwambani mpaka alainike, lakini huyu alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe kasimama mbele yangu na aproni ya mpira, anafoka mikono hewani. Nikatazama juu kukwepa macho ya watu. Kumbe wote wamo kwenye kioo, kichwa chini, na simu zao.

Yule mama muuza samaki alimbandua mkono mmoja mmoja, akamtia kwenye mfuko, akampima, akaninyooshea kiganja. Yuro 18. Utabishana vipi na mtu kwa bonjour? Nikalipa.

Basi nikawa mtalii mwenye pweza. Nilipanda kile kivuko kidogo kinachokatiza bandari, safari ya mita 283 tu, abiria wote wakahamia upande wa pili hadi nikahisi boti inalala. Kwenye vichochoro vya mtaa wa kale wa Le Panier paka mmoja wa kijivu alinisindikiza ngazi zote, kwa heshima kabisa. Ndani ya basi namba 60, liendalo kilimani, nilipata viti viwili peke yangu.

Mlangoni mwa kanisa mlinzi alitaka kuona mfuko. Akaufungua. Akaufunga. Akanipungia nipite, bila hata kunitazama. Darini mle zinaning'inia meli ndogondogo za mfano, na kuta zimejaa picha na vibao vya shukrani vya waliookoka baharini. Nilitafuta cha aliyeokoka na pweza, sikukiona. Nilikuwa natembea kwa kunyata, lakini raba ikalia chwaku, chwaku sakafuni, kila aliyesali akafumbua jicho moja. Nikatoka nje kuangalia alama za risasi ukutani, za vita vya kuikomboa Marseille kutoka kwa Wajerumani Agosti 1944, maana upepo huko ni mkali na harufu haikai.

Jioni mlango alinifungulia mama mkwe wa binamu yangu, bibi wa Kingazija aliyekulia Unguja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nini hicho?"

Nikamweleza yote, nikapandisha na suruali nimwonyeshe duara za wekundu kifundoni. Hakuziangalia. Alimtoa pweza, akamgeuza huku na huku juu ya sinki, akauliza bei. Nikamtajia.

"Wamekuuzia kitoto," akasema, akifikia tui la kopo. "Kesho kakanyage mkubwa."