Dereva wa Msafara Naye Ana Safari Yake

Mtu akinitambia kwamba amemaliza safari ya wiki nzima kwa baiskeli "kwa miguu yake mwenyewe", swali langu huwa moja: begi la nguo lilibebwa na nani? Hapo ndipo hutajwa, tena kwa sauti ya chini, mke, mume, dada au rafiki aliyekuwa akiendesha gari. Kwenye picha za mwisho haonekani. Bila shaka ndiye aliyezipiga.

Tufanye hesabu kidogo. Makundi mengi hupanga kwenda kilomita 80 hadi 100 kwa siku. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kilomita mia ni saa tano za kunyonga baiskeli. Ongeza kusimama kula, kujaza maji na kuziba pancha, saa saba zinakatika. Gari humaliza umbali huohuo kwa saa moja na nusu. Kwa hiyo dereva anabaki na zaidi ya saa tano mikononi, leo, kesho na keshokutwa, katika miji asiyomjua mtu. Jioni wewe unafika na jasho lako na hadithi zako, ukitaraji kumkuta amechangamka.

Nimekaa kwenye kiti cha baiskeli na nimekaa nyuma ya usukani, na naona kusubiri kunachosha zaidi. Anayenyonga anajua yuko wapi na kilima kimebaki kiasi gani. Anayesubiri anajua tu kwamba saa imepita na simu haipatikani. Ugomvi mwingi wa safari hizi huanzia hapo, wala hauhusiani na milima.

Wengi hudhani dawa ni gari lifuate baiskeli nyuma, taa zikiwaka, kama msafara wa kiongozi. Nalipinga hilo kabisa. Barabara ikiwa nyembamba, mwenye haraka analazimika kupita vizuizi viwili badala ya kimoja, na wenzako wa nyuma wanavuta moshi wako. Katika RAGBRAI, safari ya wiki moja inayokatiza jimbo la Iowa, Marekani, tangu 1973, magari ya wasaidizi hupangiwa njia yao, mbali na ile ya baiskeli. Kundi lenu linaweza kuwa la watu kumi tu, lakini utaratibu huo unafaa. Chagueni vituo viwili vya kukutana kati ya asubuhi na mahali pa kulala, mkubaliane saa, na mkubaliane pia ni baada ya muda gani wa ukimya ndipo dereva ageuze gari kukutafuta. Hilo la mwisho wengi hulisahau, nalo ndilo linalompa anayesubiri utulivu wa moyo.

Gari likikaa mbali, lazima ujitegemee. Tyubu ya akiba, pampu, vyuma vya kubandulia tairi, funguo ndogo na maji vitembee nawe. Kuziba pancha ujifunze nyumbani, si kando ya barabara huku mvua ikinyesha. Chakula nacho kikae mfukoni: mwili unaonyonga kwa saa nyingi unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na ukingoja mpaka njaa ikushike, miguu itakuwa imeshagoma zamani.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya ubinafsi wangu. Gari likiwa karibu, kila mlima unageuka majadiliano. "Nipande? Nisipande?" Likiwa kilomita thelathini mbele, mjadala haupo. Unanyonga tu.

Sisemi kupanda gari ni aibu. Tour de France yenyewe iliweka gari la kuokota walioshindwa mwaka 1910, mwaka ilipoingia kwenye milima mirefu ya Pyrenees, na hadi leo linaitwa gari la ufagio. Safari nyingi zenye waandaaji huwa na gari la namna hiyo linalotembea mkiani mwa kundi. Basi hiyo iwe kazi ya waandaaji. Mwenza wako hakuja kuzoa kundi zima.

Na zile saa tano? Mwulize mwenyewe anataka kuzifanyia nini, tena kabla ya kuondoka. Mpango ninaoupenda kuliko yote ni yeye kubeba baiskeli yake garini. Anafika mapema, anaegesha, anapumzika, kisha anarudi kwa baiskeli kwenye njia mnayojia hadi mkutane, na mnaingia mjini pamoja. Hata kilomita kumi na tano zinatosha. Asiyependa baiskeli apewe siku yake ya kutofanya chochote, na mizigo yako siku hiyo ipakiwe kwenye gari la mwingine.

Hilo linawezekana kwa sababu makundi mengi yana magari kuliko yanavyohitaji. Waendeshaji wanane hawana haja ya madereva wanane. Magari mawili yanatosha kabisa mizigo ikipunguzwa, madereva wakipokezana, na mafuta, malazi na chakula chao vikitoka kwenye mfuko wa kundi. Jambo la fedha lisemwe wazi siku ya kwanza ya kupanga, maana dereva mwenyewe huona haya kulianzisha.