Mnauliza gia, hamuulizi foleni

Kila nikiweka mtandaoni picha ya lori langu la huku Marekani, maswali yanayokuja ni yale yale. Lina gia ngapi? Linakunywa mafuta kiasi gani? Mbona pua ndefu hivyo? Unalala wapi? Halafu usiku usiku mtu ananifuata faragha: kaka, kwani wanakulipaje? Mimi semi, yaani kichwa kinachovuta tela, nimeanzia barabara ya TANZAM, ile ya Dar kwenda Zambia, hadi mpakani Tunduma na kuendelea mbele mpaka Kongo, na sasa naendesha Marekani. Nitayajibu yote hapa, ila lipo moja ambalo halijawahi kuulizwa, na kwangu ndilo zito kuliko yote.

Pua kwanza, maana ndiyo inayowanyima watu usingizi. Ulaya sheria inapima gari zima, kuanzia bampa ya mbele hadi mwisho wa tela, na semi ya kawaida haitakiwi kuzidi mita 16.5. Ukiongeza urefu wa kichwa umekula nafasi ya mzigo. Ndiyo sababu Scania na DAF zinazoshushwa bandarini Dar zina uso bapa, na dereva anakaa juu ya injini. Marekani nayo zamani ilikuwa imejaa vichwa bapa, kwa sababu majimbo yalikuwa yakibana urefu wa gari zima. Ikaja sheria ya shirikisho ya mwaka 1982 ikayakataza majimbo kupima hivyo kwenye barabara kuu. Kinachobanwa sasa ni urefu wa tela, ambalo siku hizi kwa kawaida ni futi 53, yaani mita 16 na kidogo. Kichwa kikawa huru, watengenezaji wakaisogeza injini mbele ya miguu ya dereva. Fundi anafurahi kwa sababu hainui kebini nzima na mablanketi yako ndani. Anayelaani ni dereva anayekata kona kwenye vichochoro vya mjini.

Gia: magari ya zamani yana 10, 13, hata 18. Mapya mengi yanajibadilishia yenyewe, na vijana wengi wanafanyia mtihani humo humo. Sheria ina dawa yao: ukitahiniwa kwenye gari lisilo na klachi, leseni yako inapigwa alama ya E, maana yake huruhusiwi kugusa gari la gia za mkono. Kwetu mtu anahangaika miaka apate leseni ya daraja E, ya malori makubwa; hapa Marekani herufi hiyo hiyo ni aibu ndogo.

Mafuta, hesabu kama lita moja kwa kilomita mbili na nusu hadi tatu, ikitegemea mzigo na upepo.

Kinachowashangaza wengi ni uzito. Mnaamini gari la Marekani ndilo dude kubwa. Huku mwisho kwenye barabara kuu za shirikisho, bila kibali maalumu, ni pauni 80,000, tani 36 na ushee, kwa semi ya ekseli tano (mihimili ya magurudumu). Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito inaruhusu hadi tani 56 kwa gari la ekseli saba. Dereva wa Bongo anabeba mzigo mzito zaidi, kwenye barabara ya njia mbili, anashuka nao mlima mkali wa Kitonga huku basi linamsukuma kwa honi nyuma. Kwa hiyo anayeniambia "wewe sasa umekuwa dereva wa kweli" hajui anachosema. Madereva wa kweli niliwaacha Tunduma. Huku nimekuta barabara pana, milima yenye njia za dharura za changarawe kwa gari lililopoteza breki, na vibao vinavyokuambia mteremko ni asilimia ngapi kabla hujauanza.

Nilichokikosa ni utingo, msaidizi wa dereva. Huku hakuna. Upo peke yako, wewe na redio. Nyumbani tairi likipasuka, utingo keshashuka kabla gari halijasimama sawasawa: jeki, vigingi, matawi ya miti yanatandazwa barabarani kuwatahadharisha wenzetu, na nusu saa haijaisha mnaondoka. Huku unatoa pembetatu zako tatu za kuakisi mwanga, na sheria inakupa dakika 10 uwe umeshazipanga, halafu unapiga simu na kukaa kwenye kiti. Fundi anakuja na gari lenye kila kitu. Atakuja lini, hilo ni jambo lake. Mara ya kwanza nilishuka kutafuta spana, nikaambiwa na ofisi nirudi ndani nisije nikaumia nikawaletea kesi.

Sasa saa. Karibu kila lori linalosafiri mbali lina kifaa cha kielektroniki kilichounganishwa na injini, na tangu Desemba 2017 ni lazima. Kinahesabu. Unaendesha saa 11 tu, ndani ya kipindi cha saa 14 tangu uanze kazi, kisha unapumzika saa 10 mfululizo. Ukishaendesha jumla ya saa nane, lazima ukatishe kwa nusu saa. Wenzangu wengi wanakichukia hiki kifaa kama mkwe mkorofi. Mimi nakitetea, na nina sababu. Nyumbani nimewahi kupigiwa simu na tajiri, mwenye gari, saa nane usiku niko Mikumi, macho yamejaa mchanga, ananiuliza kwa nini gari limesimama, maana na yeye analiona kwenye simu yake. Ningejibu nini? Nimechoka? Kuchoka si jibu mbele ya tajiri. Huku nasema saa zimeisha, na mazungumzo yamekwisha. Hakuna anayetaka faini, wala kesi ya ajali iliyotokana na kulazimisha.

Lakini saa hiyo ina jino moja baya, na ndipo linapoingia swali lisiloulizwa: ukiwa kwenye foleni, nani anailipa foleni?

Dereva wa masafa marefu Marekani kwa kawaida analipwa kwa maili. Gurudumu lisipozunguka, hakuna hela. Unafika ghalani saa mbili asubuhi kama ulivyopangiwa, unaambiwa subiri mlango. Saa nne, bado. Saa sita, bado. Kampuni nyingi zinaanza kulipa kusubiri baada ya saa mbili za mwanzo, zikilipa, na kile kidogo hakifanani na ambacho ungepata ukiwa barabarani. Na zile saa 14 haziangalii kama uko foleni. Zinakwenda tu. Wakimaliza kupakua saa kumi jioni, siku yako imeliwa, na hukufanya kosa lolote. Usitegemee malipo ya saa za ziada pia, kwa sababu sheria ya kazi ya shirikisho ya mwaka 1938, ile iliyowapa wafanyakazi wengine malipo ya ziada, iliwaacha nje wengi wa madereva wa malori ya kuvuka majimbo, na mpaka leo tuko nje.

Sasa nendeni Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo. Malori yamejipanga kilomita na kilomita, dereva ana mileji, yaani posho ya safari, aliyopewa Dar, na kila siku inayopita foleni inaila mileji hiyo. Mwenye mzigo hakatwi. Karani mwenye muhuri hakatwi. Anayelipia ucheleweshaji wao ni aliyeshika usukani. Nilivuka bahari nikidhani hilo nimeliacha nyuma, nikalikuta limevaa suti.

Tofauti ni kwamba foleni ya kwetu ina watu. Mnakaa chini ya matela, mnajuzana nani karatasi zake zimetoka, nani kaibiwa dizeli, mnalindana usiku, na mkichoka kabisa mnazima magari wote mpaka mkubwa fulani aje kuwasikiliza. Foleni ya huku ni ya mtu mmoja mmoja. Unaamriwa ubaki kwenye kebini, wataita kwa ujumbe wa simu. Zipo ghala zinazomkatalia dereva hata choo. Umeleta tani 20 za mali yao, na choo hupati.

Mnaouliza unalala wapi: kwenye kebini, nyuma ya viti kuna kitanda kizuri, na kwenye vituo vya malori kuna bafu safi ambalo ukijaza mafuta ya kutosha hulipii. Shida si kitanda, ni mahali pa kuegesha. Kuanzia jioni vituo vimejaa, saa zako zinaisha, na huruhusiwi kuendelea. Mwaka 2009 dereva mmoja, Jason Rivenburg, alifika mapema kuliko muda aliopangiwa kushusha mzigo. Akaegesha kwenye kituo cha mafuta kilichokufa huko South Carolina ili asubiri, akapigwa risasi na kuibiwa. Mwaka 2012 ikapitishwa sheria yenye jina lake, ya kuongeza maegesho salama. Maegesho bado hayatoshi. Na mtazame alichokuwa anakifanya: anasubiri.

Haya, pesa. Takwimu za serikali za mwaka 2024 zinaweka mshahara wa kati wa dereva wa lori kubwa kwenye dola 57,000 na ushee kwa mwaka, kabla ya kodi. Ukizigeuza kuwa shilingi utaruka. Usizigeuze, maana hutazitumia kwa shilingi. Na unalala nje ya nyumba yako wiki kwa wiki.

Kuna kijana wa Mbeya ana lori aina ya Fuso, anataka kuliuza aje huku, kuna mtu amemwahidi "kukodi gari mpaka liwe lako". Mdogo wangu, mpango huo unakukata marejesho, bima, mafuta na matengenezo kutoka kwenye maili zako, na ukiacha kazi kabla ya kumaliza, gari linabaki kwao. Januari 2025 jopo lililoundwa na serikali ya Marekani yenyewe lilipendekeza upigwe marufuku. Leseni yako ya Tanzania haitambuliki kwa kazi hii. Inabidi karatasi zako za uhamiaji ziruhusu kazi hii, uanze upya na chuo na mtihani wa jimbo. Tangu Juni 2025 mkaguzi akikusimamisha akaona Kiingereza hakipandi, anakushusha kwenye gari hapo hapo. Fuso lako usiliuze kwanza. Mwandikie huyo mtu umuulize jambo moja, akujibu kwa maandishi: nikisubiri ghalani, mnanilipa kuanzia saa ya ngapi, na dola ngapi? Jibu lake nitumie, tulisome wote.