Dodge City: Kituo cha kura kilipohamishiwa nje ya mji

Wiki chache kabla ya uchaguzi wa Novemba 2018, karani wa Kaunti ya Ford, jimboni Kansas, alihamisha kituo pekee cha kupigia kura cha mji wa Dodge City. Kilitolewa katika ukumbi uliozoeleka na wapigakura, kikapelekwa kwenye jengo la maonyesho nje ya mipaka ya mji, zaidi ya maili moja kutoka kituo cha basi kilicho karibu. Kituo hicho kimoja kilihudumia wapigakura wapatao 13,000. Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ni kama asilimia 60 ya wakazi, na wengi wao hufanya kazi kwa zamu katika viwanda vya nyama.

Karani alisema ukumbi wa zamani ulikuwa na mipango ya ujenzi. Hoja hiyo ina uzito, maana hakuna msimamizi anayetaka kuhamisha masanduku dakika za mwisho kwa sababu ya mafundi. Isitoshe, sheria za Kansas zinaruhusu kupiga kura mapema au kwa posta bila kutoa sababu, na mji ulitoa usafiri wa bure siku ya uchaguzi. Anayetaka kupiga kura angepata njia.

Lakini mtu anayeshinda amesimama akikata nyama, bila gari, haoni maili moja kama sisi tunavyoiona kwenye ramani. Kibaya zaidi, baadhi ya waliojiandikisha karibuni walitumiwa barua zenye anwani ya kituo cha zamani. Na ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, lilipomwandikia karani kulalamika, aliisambaza barua hiyo kwa ofisi ya jimbo akiongeza herufi tatu tu: "LOL". Yaani kicheko. Suala lilipofika mahakamani, Jaji Daniel Crabtree alieleza kutopendezwa na jibu hilo, ila akakataa kuamuru kituo kingine kifunguliwe: uchaguzi ulikuwa umebaki siku chache, na badiliko jingine lingezidi kuwachanganya watu.

Wanaoona malalamiko haya yametiwa chumvi wana takwimu nzuri. Kwa mujibu wa Ofisi ya Sensa, Walatino waliopiga kura nchini Marekani walipanda kutoka asilimia 27 ya wenye haki mwaka 2014 hadi 40.4 mwaka huohuo wa 2018. Wazungu walikuwa 57.5. Pengo hilo halielezwi na umbali peke yake: wapigakura wa Kilatino wengi ni vijana, na vijana wa jamii zote hujitokeza kwa uchache. Tena kampeni nyingi haziwabishii hodi.

Nakubali hayo yote, na bado naona takwimu hiyo inajibu swali jingine. Kupanda kwa idadi ya taifa zima hakumpunguzii mwendo mtu wa Dodge City. Kaunti ya Maricopa, Arizona, ilipopunguza vituo kutoka takriban 200 hadi 60 katika kura za mchujo za 2016, waliotaka kupiga kura walijitokeza kweli. Wengine walisimama foleni kwa muda wa saa tano. Hadi 2013, Arizona ilipaswa kuomba idhini ya serikali kuu kabla ya badiliko kama hilo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliondoa sharti hilo katika kesi ya Kaunti ya Shelby, Alabama, na sasa mlalamikaji ndiye anayekimbizana na kalenda.

Mwaka 2019 Kaunti ya Ford ilikubali kufungua vituo viwili Dodge City. Kazi ya kubisha hodi imebaki kwa wagombea.