Jo Adell: Aliwahishwa au Alicheleweshwa?

Agosti 9, 2020, Arlington, Texas. Majukwaa matupu kwa sababu ya korona. Nick Solak wa Texas Rangers anaupiga mpira juu, unakwenda upande wa kulia wa uwanja. Jo Adell, kinda wa miaka 21 wa Los Angeles Angels, anarudi nyuma mbio, anaufikia, ananyoosha mkono audake. Mpira unagonga glavu yake, unadunda, unaangukia ng'ambo ya uzio. Solak anazunguka vituo vyote vinne, na kosa linaandikwa kwa jina la Adell. Zilikuwa zimepita siku tano tu tangu acheze mechi yake ya kwanza ligi kuu.

Tangu siku ile mashabiki wa besiboli wamebishana: kijana aliharakishwa, au klabu ilikuwa na haki ya kumpandisha?

Kwa aliyezoea soka, besiboli ya Marekani ina utaratibu wake. Kinda hatolewi kwa mkopo. Klabu kubwa ina timu zake za ligi za chini, kuanzia A hadi AAA, na AAA ndiyo mlango wa ligi kuu. Adell alichaguliwa wa 10 mwaka 2017, klabu zilipogawana vijana wapya kwa zamu, akitokea sekondari ya Ballard, Louisville. Msimu wa 2018, akiwa na miaka 19, alipita ngazi tatu na kupiga homurani 20, yaani mipira 20 iliyovuka uzio. Hapo kila mtu akaanza kuhesabu siku.

Wanaosema aliwahishwa wana ushahidi. Mwaka 2019 aliumia kifundo na msuli wa paja wakati wa maandalizi, na alipofika AAA akacheza mechi 27 bila homurani hata moja. Mwaka 2020 ligi za chini zikafutwa zote. Hata hivyo alipandishwa. Mechi 38, wastani wa .161, yaani mapigo salama kama 16 katika kila zamu 100. Kinachouma zaidi ni hiki: alitolewa kwa kukosa mpira mara 55, akapewa kituo cha bure, zawadi ya anayeacha mipira mibovu ipite, mara 7 tu. Huyo ni mpigaji anayefukuzia kila anachotupiwa.

Upande wa pili nao hawabahatishi. Klabu hiyohiyo ilimpandisha Mike Trout, nyota wake mkubwa, mwaka 2011 akiwa na miaka 19, naye akapiga .220 katika mechi 40. Mwaka uliofuata alikaa Salt Lake, timu ya AAA, mechi 20 tu, akipiga .403, akaitwa tena Aprili na kumaliza msimu akiwa mchezaji bora chipukizi wa ligi yake. Viongozi walioona hayo kwa macho yao lazima wangejaribu tena. Lakini Trout ni kipimo kibovu. Ni sawa na kumwambia kila kinda wa La Masia awe Messi.

Mimi nadhani kosa kubwa lilikuja baadaye. Mwaka 2021 Adell alipiga homurani 23 katika mechi 73 akiwa Salt Lake. Mwaka 2023 akapiga 24. Mji ule uko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari; hewa ni nyepesi na mpira unasafiri, kwa hiyo takwimu za pale zinanona kuliko uhalisia. Akipanda anaboronga, anarudishwa chini, anang'ara, anapandishwa tena. Alikuwa akirudia darasa alilokwisha kulifaulu, huku somo lililomshinda likifundishwa jengo jingine.

Kilichovunja mzunguko huo ni kanuni, si busara ya kocha. Klabu inaweza kumshusha mchezaji katika misimu mitatu tu. Ikitaka kumshusha tena, lazima kwanza klabu nyingine zipewe nafasi ya kumchukua. Misimu ya Adell iliisha 2023. Mwaka 2024 Angels hawakuwa na ujanja, wakambakiza. Alipiga .207, wastani wa kukata tamaa, lakini akapiga homurani 20, na yule aliyechekwa Arlington akaingia katika watatu wa mwisho kuwania Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mdakaji bora, kwa nafasi ya upande wa kulia.

Mwaka 2025 alifikisha homurani 37 na kuingiza mikimbio, yaani alama, 98. Wastani wake ulikuwa .236. Miaka miwili nyuma, kwa wastani huo, nina hakika angeonekana asubuhi uwanja wa ndege akisubiri ndege ya Salt Lake.