Nahodha Mmoja, Chombo Chenda Mrama

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Pikapu yangu nahodha ni mmoja, mimi mwenyewe, hata utingo sina, na bado yenda mrama kutoka Msambweni hadi Likoni, kilomita kama 50 za kutubia. Nikiukata usukani kulia, yafikiri kwanza. Nauzungusha robo nzima, hamna kitu, magurudumu hayana habari. Kisha ghafla yakumbuka kuwa iliambiwa iende kulia, na mimi wakati huo nishabadili nia, natafuta kushoto. Twaishi hivyo, kama mke na mume waliosusiana, maneno yapitia kwa mtoto.

Ni Mjapani wa 1984. Nabebea nazi za kupeleka Kongowea, na nazi zenyewe fitina tupu. Pikapu ikiyumba kushoto nazo zabingirika kushoto, gu-gu-gu, zote 400, na zikishajazana huko ndipo yayumba kulia. Tena mzigo ukielemea nyuma pua yainuka, matairi ya mbele yakanyaga lami kwa kuonea haya, usukani wawa mwepesi kama ungo.

Siku moja askari wa trafiki akanisimamisha. "Mzee, umekunywa?" Mimi! Mtu wa swala tano! Nikamwambia, mwanangu, ingia uendeshe wewe usiyekunywa. Akaingia, akaenda hatua kama hamsini, akashuka jasho lamtoka. Akanirudishia ufunguo kwa mikono miwili. "Nenda polepole, mzee wangu." Hata leseni hakuiuliza.

Nikapeleka kesi barazani, kwenye kahawa. Kosa kubwa. Pale hata muuza kashata ni fundi. Mmoja asema upepo. Huyu simlaumu, nilipopima nikakuta tairi moja lina 20 na mwenzake 32, nikasawazisha, ikapungua kidogo kuyumba. Mwengine asema alaimenti, kunyooshwa magurudumu yatazame njia moja. Wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata mkokoteni, asema ni jicho la hasidi. Ndugu yangu, nani atakayehusudu pikapu ambayo mlango wake wafungwa kwa kamba ya mbuzi?

Nikaenda alaimenti. Nikalipa. Ikatoka pale imenyooka, ilipofika barabarani ikarudia ada yake. Sasa ndiyo najua: kupima alaimenti na viungo vimelegea ni kama kumpima mtoto kanzu huku akikimbia.

Basi nikampata fundi wa kwanza, kijana, mwepesi wa mikono. Akafungua boneti, akanionyesha stering boksi, kitungi cha chuma kilichotota grisi, ndicho kipokeacho amri ya usukani na kuipeleka magurudumuni. Juu yake pana skrubu ndogo na nati ya kuifunga. Akalegeza nati, akaikaza skrubu kwa bisibisi, akafunga nati. Dakika tatu, elfu moja. Na wallahi nilirudi nyumbani pikapu imenyooka kama rula! Nikamsifu yule kijana mtaa mzima.

Kesho yake nikashuka feri.

Wapajua Likoni asubuhi. Mteremko mbele, tangi la mafuta nyuma lakupumulia kisogoni, na kijana wa feri akupungia mkono: kulia mzee, kulia, haya nyoosha! Nikakata kulia, vizuri sana. Nikauachia usukani urudi wenyewe, kama ufanyavyo usukani wenye adabu. Haurudi! Umeganda kulia, wanitazama. Nikauvuta kwa mikono miwili, nikatia na goti. "Nyoosha mzee!" "Nanyoosha, yataka yenyewe?" Tulisimama bampa langu limebusu ubavu wa tuktuk, na mama mmoja akatoa kichwa nje taratibu: "Baba, wataka kuingia humu nasi?"

Fundi wa pili ndiye aliyenieleza. Mzee huyu, Changamwe, gereji yake ni mwembe na benchi. Kumbe meno ya ndani ya ile boksi hulika katikati, kwa sababu barabarani mtu siku zote yuko katikati, kukata kona ni mara mojamoja. Pembeni meno bado mapya. Ukikaza skrubu mpaka katikati pabane, ukikata kona yakwama. Akairudisha skrubu ilipokuwa. Nikaona basi, tumerudi mwanzo, elfu moja imekwenda.

"Ingia ndani," akanambia. "Usiwashe moto. Magurudumu yakae chini hivyohivyo, hatutii jeki. Zungusha usukani kidogo kulia, kidogo kushoto, kama wabembeleza mtoto. Usikome mpaka nikwambie."

Akatandika katoni, akajitia chini. Nikabembeleza. Nikamsikia akenda kiungo kwa kiungo, akikishika kila kimoja kwa kiganja, kama daktari apimaye homa. "Hapa kidogo... hapa kidogo... tairodi hii kidogo..." Kisha kimya. Kisha: "Aaaa. Shuka uje uone."

Mwanawe akashika usukani, mimi nikalala kwenye katoni na kanzu yangu. Akauchukua mkono wangu akauweka kwenye aidla, ule mkono wa chuma ulio upande wa pili wa boksi, kazi yake kushikilia ncha ya ile fimbo ndefu ipelekayo amri ya boksi kwenye magurudumu yote mawili. Wapaswa kwenda kando kwa kando tu. Wangu ulikuwa waruka juu na chini kama mtoto aliyebanwa na mkojo. Alipoufungua, bushi, ile pete ya ndani ya kuuzuia usicheze, ikadondoka vipandevipande, kashata iliyoliwa na chumvi ya bahari. Na boliti moja ya kushikilia boksi kwenye chesisi akaitoa kwa vidole, hata spana hakutafuta.

"Kila kiungo chala chake," akasema. Nikamfahamu mara moja. Ni mchango wa harusi! Watoka kwenu mzima, kila anayeupokea achukua ya soda, ukifika kwa bibi harusi ni bahasha.

Nikanunua bushi na tairodi endi mbili, vile viungo vya ncha za tairodi, fimbo zisukumazo magurudumu. Bei sitaji, nina presha. Akafunga, akatia grisi, akaikaza ile boliti, na hapo ndipo aliponituma alaimenti.

Sasa yenda sawa. Mwenye kwenda mrama ni mimi, maana mikono ishazoea kusahihisha. Barabara imenyooka, pikapu imenyooka, mimi nazungusha tu. Mamake watoto amenipiga kibao cha mkono mara mbili: "Iwache! Yajua njia!"

Lakini linaloniuma hasa ni tuktuk. Zamani, toka Likoni mpaka Kongowea, wakiniona kwenye kioo watawanyika kama kuku. Nilipita kama gavana. Sasa wanichomekea. Jana, juu ya Daraja la Nyali, mmoja akajipenyeza mbele ya pua yangu, akapunguza mwendo, akageuka kunicheka: "Mzee! Siku hizi umetulia!"

Nikautikisa usukani makusudi, kulia, kushoto. Nazi nyuma zikaamka, gu-gu-gu.

Akanipisha.