Msimdai Mgonjwa Shukrani

Neno la kwanza alilotamka shangazi yangu baada ya kiharusi lilikuwa "marahaba". Siku kumi na tisa alikuwa akitutazama tu. Siku ya ishirini mtoto wa jirani alichungulia dirishani, akaamkia kama anavyoamkia kila akipita, "Shikamoo bibi," na kutoka kitandani ikaja sauti nzito, imepinda kidogo: "Marahaba." Chumba kizima tukanyamaza. Mtoto akaenda zake, kwake hakuna kilichotokea.

Nikasogea. "Shikamoo shangazi." "Marahaba." Nikamuuliza, "Mimi nani?" Akafungua mdomo, akahangaika, machozi yakamtoka.

Kijana anayekuja kumfanyisha mazoezi alitueleza. Kiharusi kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mkono na mguu uliolegea ni wa kulia, na kwa watu wengi lugha nayo imekaa hukohuko kushoto. Lakini maneno tuliyoyarudia maisha yetu yote, salamu, kuhesabu, nyimbo, sala, mara nyingi husalimika hata pale mtu anaposhindwa kutunga sentensi yake mwenyewe. Jioni ile dada yangu akaanza Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, kwa sauti, polepole. Shangazi akafuata. Alidondosha herufi hapa na pale, ila alifika "waladh-dhaalliin", na "amin" akaivuta. Mwanamke asiyeweza kuomba maji amesoma sura nzima!

Nyumbani walisema muujiza, nami sikubishana. Ila maelezo ya yule kijana hayakunipunguzia imani hata chembe. Chuo cha Kurani, huko Tanga ya utotoni mwake, shangazi alichapwa sana mpaka akaihifadhi ile sura. Kumbe akiba iliwekwa mahali ambapo kiharusi hakikufika.

Nasema haya nikijua tulivyoanza vibaya. Alianguka alfajiri akitia udhu. Mdomo umekwenda upande, mkono unaning'inia. Mtu wa kwanza kufika alisema "upepo", yaani jini, na sisi sote, wasomi na wasiosoma, tukakubali. Akaitwa mzee wa kisomo, kombe likaandikwa, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, shangazi akanyweshwa. Alipaliwa, akakohoa mpaka rangi ikambadilika. Hospitali tulifika adhuhuri, presha ikiwa 210 kwa 120.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba mtu wa namna ile hapewi kitu mdomoni, hata maji, mpaka apimwe kama anaweza kumeza, maana koo nalo huweza kupooza na kinywaji kikaingia mapafuni. Nilijua pia kwamba kiharusi cha damu iliyoganda kina dawa ya kuyeyusha lile bonge, ila hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na baada ya kipimo cha CT Scan kuonyesha kwamba si mshipa uliopasuka. Si kila hospitali inayo, na pengine tusingeipata. Lakini hatukujipa hata nafasi ya kuikosa.

Yule mzee simlaumu, sisi ndio tuliomwita. Kisomo sikilaumu pia. Yasini inasomeka hata ndani ya bajaji.

(Na vidonge vya presha alikuwa ameviacha miezi mitatu nyuma. "Najisikia vizuri," alikuwa akisema. Presha haipigi hodi.)

Kilichonikaa zaidi moyoni ni mkono wa kushoto. Shangazi alikulia nyumba ambayo mtoto akipokea kitu kwa kushoto anachapwa. Sasa wa kulia umekufa ganzi, na ukimtia kijiko katika wa kushoto anafunga mdomo. Tukamlisha sisi, naye akawa anageuza uso ukutani akitafuna, kama mtu anayefanya jambo la aibu. Siku ya tatu akaja shehe wa msikiti wetu. Nilitarajia mawaidha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akachukua tende kwa mkono wake wa kushoto, akaitia kinywani, akatafuna, akameza. Kisha akamwekea nyingine shangazi katika kiganja cha kushoto. "Dharura, mama." Shangazi akaila.

Ni shehe huyohuyo aliyetukumbusha hadithi ya Imran bin Huswayn, sahaba wa Mtume: sali umesimama, usipoweza kaa, usipoweza lala ubavu. Tukamtayamamisha, yaani tukamtwaharisha kwa udongo badala ya maji, akasali kwa macho.

Basi nije kwa wageni. Wageni wetu ni wema, wanaleta machungwa na sukari. Lakini karibu kila mmoja ana hotuba ileile: "Shukuru Mungu, wenzio wako makaburini." Mgonjwa akilia: "Usilie, unakufuru." Nimevumilia miezi minne. Leo nasema.

Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupatwa na sonona. Ubongo wenyewe umejeruhiwa, na juu yake kuna msiba wa kuupoteza mwili ulioutegemea miaka sitini na mbili. Nabii Yaaqub alilia mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, tunaisoma katika Suratu Yusuf, na hakuna mahali alipoambiwa kwamba amekufuru. Kwa nini shangazi yangu anyimwe ruhusa ya kulia kitandani mwake mwenyewe? Shukrani ikitoka kwa mgonjwa ni yake na Mola wake. Ukimdai, unachotaka ni wewe mgeni uondoke na moyo mwepesi.

Kama kuna wa kudaiwa shukrani ni sisi wazima, na Mtume ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Mimi ninao wangu. Wifi yangu, ambaye usiku anaamka kila baada ya saa 2 kumgeuza asipate vidonda vya kulalia, na asubuhi anakwenda kuuza chapati. Dereva wa bajaji anayembeba shangazi begani kumpeleka kliniki na hajawahi kuongeza nauli. Kwenye grupu la familia kuna ndugu arobaini na kitu, kila asubuhi mikono ya dua inajaa skrini. Dua naipokea, amin. Lakini pampas haziji kwa dua, na kumgeuza mtu kunataka mikono yenye vidole.

Mazoezi yanaendelea. Kijana alileta mpira laini wa kuminya, shangazi akautupa chini ya kitanda, mchezo wa watoto ule. Nikampa tasbihi yake. Siku za mwanzo kidole gumba cha kulia kilikuwa kikitetemeka juu ya punje moja tu, haisogei. Kijana alisisitiza kwamba kurudiarudia tendo lilelile ndiko kunakoufundisha ubongo njia mpya. Kurudiarudia! Nani anayejua hilo kuliko mtu aliyeleta uradi, yale maneno ya kumtaja Mungu, kila baada ya sala tangu usichana? Wiki iliyopita alifika punje ya kumi na moja. Zimebaki ishirini na mbili atimize thelathini na tatu.

Jumapili alikuja jamaa mmoja wa mbali, mtu mzima mwenye kanzu safi. Akakaa, akakohoa, akaanza: shukuru, mtihani, wenzio, makaburini. Alizungumza muda mrefu. Shangazi akainua mkono wa kushoto. Jamaa akanyamaza, akainamisha kichwa kuisubiri alhamdulillahi. Shangazi akahangaika na ulimi, uso ukamjaa damu, mpaka neno likapatikana.

"Uji," akasema, akaonyesha kikombe. "Umepoa."

Nikaenda kuupasha.